Njia za GET na POST

Njia za GET na POST ni njia mbili kuu ambazo kivinjari hutumia kupeleka kwenye seva taarifa zilizojazwa katika fomu ya tovuti. Kwa njia ya GET, taarifa huongezwa mwishoni mwa anwani ya ukurasa na kuonekana katika upau wa anwani, juu ya kivinjari. Kwa njia ya POST, taarifa huwekwa ndani ya ombi lenyewe na hazionekani katika anwani. Tofauti hiyo inahusu faragha ya mtumiaji, hasa mahali ambapo watu wengi hutumia kompyuta moja.

## Jinsi zinavyofanya kazi

Tuchukue fomu yenye nafasi mbili, jina na nywila. Mwombaji wa kubuni, Asha Juma, akiijaza na fomu ikatumwa kwa GET, upau wa anwani utaonyesha hivi:

https://example.com/ombi?jina=Asha+Juma&nywila=siri123

Alama ya kuuliza hutenga anwani ya ukurasa na taarifa zilizojazwa. Alama ya & hutenga nafasi moja na nyingine, na alama ya kujumlisha husimama mahali pa nafasi tupu kati ya maneno. Fomu hiyohiyo ikitumwa kwa POST, anwani itakayoonekana ni https://example.com/ombi tu.

GET inafanana na kuandika ujumbe juu ya bahasha, ambapo kila anayeishika anausoma. POST ni kuuweka ujumbe ndani ya bahasha.

## Historia

Itifaki ya HTTP ilianzishwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, Uswisi. Toleo la kwanza, la mwaka 1991, lilikuwa na GET peke yake, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuleta kurasa za kusomwa. Waraka wa HTTP/1.0 uliotolewa Mei 1996 ulieleza njia za GET, HEAD na POST. Waraka wa HTTP/1.1 wa mwaka 1999 uliwaonya watengenezaji wasitumie fomu za GET kupokea taarifa nyeti, kwa sababu taarifa hizo huingia katika anwani.

## Mahali anwani inapobaki

Anwani haipotei ukurasa unapofungwa. Hubaki mahali kadhaa:

* Katika historia ya kivinjari. Anayekuja baadaye akianza kuandika anwani inayofanana, kivinjari kinaweza kumpendekezea anwani nzima ya mtu aliyemtangulia.
* Katika kumbukumbu za seva. Programu za seva kama Apache na Nginx, kwa mpangilio wao wa kawaida, huandika anwani ya kila ombi pamoja na sehemu iliyo baada ya alama ya kuuliza. Haziandiki yaliyomo ndani ya ombi la POST.
* Katika tovuti nyingine. Mtumiaji akibofya kiungo, kivinjari huweza kuijulisha tovuti anayokwenda anwani ya ukurasa anaotoka. Tangu mwaka 2020 na 2021 Chrome na Firefox zimepunguza jambo hilo, na kwa kawaida hutaja jina la tovuti tu.
* Katika viungo na picha. Mtu akinakili kiungo na kukituma kwa WhatsApp, au akipiga picha ya skrini, taarifa zilizo katika anwani huenda pamoja.

## Mfano wa Ngara na Biharamulo

Wilaya za Ngara na Biharamulo ziko upande wa kusini wa Mkoa wa Kagera, na Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Kama ilivyo katika wilaya nyingi za Tanzania zilizo mbali na miji mikubwa, vijana wengi wanaomaliza shule hawana kompyuta nyumbani. Maombi ya vyuo, ya mikopo ya elimu ya juu na ya kazi serikalini hufanywa kwa mtandao, hivyo kijana hufunga safari hadi mjini na kujaza fomu katika steshenari au intaneti kafe. Mara nyingi mwenye duka ndiye anayemjazia.

Kompyuta moja inaweza kuhudumia waombaji wengi kwa siku. Fomu hizo huuliza jina kamili, namba ya simu, namba ya mtihani wa kidato cha nne na namba ya kitambulisho cha taifa. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na 8 za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ikibaki katika anwani, anayeiona amejua pia tarehe ya kuzaliwa ya mwenyewe. Taarifa kama hizo zikikutana na nywila, mtu mwingine anaweza kuingia katika akaunti ya mwombaji na kubadilisha ombi lake kabla ya siku ya mwisho.

## Kwa nini kosa hutokea

Sababu ya kwanza ni kusahau. Katika lugha ya HTML, fomu isiyotajiwa njia hutumwa kwa GET. Mtengenezaji anapaswa kuandika mwenyewe method="post" katika lebo ya fomu.

Sababu ya pili ni kutegemea JavaScript peke yake. Fomu nyingi za siku hizi hutumwa na programu ndogo ya JavaScript inayopakuliwa pamoja na ukurasa. Mtandao ukiwa wa polepole, programu hiyo inaweza kuchelewa au isifike kabisa. Mtumiaji akibonyeza kitufe cha kutuma wakati huo, kivinjari hutuma fomu kwa kanuni ya kawaida, yaani GET, na nywila hutokea katika anwani. Mtengenezaji aliye mjini na mtandao wa kasi huenda asilione kosa hilo. Kwa hiyo method="post" iandikwe hata kama JavaScript inatumika.

Sababu ya tatu ni kurudisha taarifa katika anwani baada ya kuzipokea kwa POST. Ni desturi nzuri seva kumpeleka mtumiaji kwenye ukurasa mwingine kwa jibu namba 303, ili akiupakia upya fomu isitumwe mara ya pili. Lakini anwani ya ukurasa huo isibebe yale aliyoyajaza.

## Mipaka ya POST

POST haifichi taarifa zikiwa njiani. Bila HTTPS, bahasha haijafungwa, na anayechungulia mtandao anaweza kusoma yaliyomo. HTTPS husimba ombi lote, pamoja na sehemu ya anwani inayofuata jina la tovuti. Hata hivyo haiondoi anwani katika historia ya kivinjari wala katika kumbukumbu za seva. Kwa sababu hiyo taarifa nyeti huhitaji POST na HTTPS kwa pamoja.

## Matumizi sahihi ya GET

GET inafaa kwa kutafuta na kusoma, kwa mfano kutafuta neno katika kamusi, kwa kuwa kiungo chake kinaweza kuhifadhiwa au kutumiwa mwenzako. Haifai kwa kitendo kinachobadilisha kitu. Mwaka 2005 programu ya Google Web Accelerator ilikuwa ikifungua viungo kabla mtumiaji hajavibofya. Katika baadhi ya tovuti ilifuta kazi za watu, kwa sababu kufuta kulikuwa kumewekwa katika viungo vya kawaida vya GET.

## Sheria nchini Tanzania

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inatambua haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya taarifa za watu kuzilinda. Iliunda pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo hupokea malalamiko ya wananchi.

## Tahadhari kwa mtumiaji

Anayetumia kompyuta ya wengi anashauriwa kufungua dirisha la faragha kabla ya kuanza, na kutazama upau wa anwani baada ya kutuma fomu. Akiona nywila yake humo, aibadilishe mara moja. Kabla ya kuondoka, atoke katika akaunti na kufuta historia. Katika vivinjari vingi vya Windows vitufe vya Ctrl, Shift na Delete vikibonyezwa pamoja hufungua sehemu hiyo. Picha ya skrini inayotumwa kama uthibitisho ikatwe sehemu ya juu yenye anwani.