Hofu ya Wauguzi: Kutoka Kikwit hadi Butembo

Sisi wa Kalemie tumezoea kolera. Kila inaporudi kando ya ziwa twahesabu wagonjwa, lakini wauguzi wanaokesha nao hatuwaulizi mioyo yao i hali gani. Vijana wapendwa, swali hilo lina historia katika nchi yetu, nayo yaanzia mbali na Tanganyika.

Mwaka 1995, katika hospitali ya Kikwit, magharibi mwa nchi, waliletwa wagonjwa waliodhaniwa kuwa wanahara damu tu. Sista Floralba Rondi, wa shirika la Poverelle la Bergamo, aliyekuwa Kongo tangu 1952, alifariki tarehe 25 Aprili. Sista Clarangela Ghilardi, mkunga, alimfuata tarehe 6 Mei. Ugonjwa ulithibitishwa kuwa Ebola tarehe 10 Mei. Kesho yake akafariki Sista Danielangela Sorti. Mwezi ulipokwisha masista waliofariki walikuwa sita. Kati ya wagonjwa 315 wa mlipuko ule, 80 walikuwa watumishi wa afya, na wengi wao walikuwa Wakongo ambao majina yao hayatajwi sana.

Watu waliopona walipohojiwa baadaye, wakiwamo watumishi wa afya, walitaja hofu, kukataa kuamini kwamba wameugua, na aibu. Aibu! Mtu ameambukizwa akimhudumia mwenzake, kisha aona haya kana kwamba ametenda kosa. Kwetu sisi neno hilo ni zito kuliko hesabu zote za Kikwit.

Kivu ya Kaskazini ilipopatwa, kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 hadi 25 Juni 2020, watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa. Safari hii chanjo ilikuwapo, na mavazi ya kinga pia. Hata hivyo mwuguzi aliyeyavua jioni alirudi katika mtaa uliosema kwamba Ebola ni biashara, naye ni mmoja wa wanaokula faida yake. Tusiwahukumu upesi waliosema hivyo: watu wa Beni walikuwa wameuawa kwa miaka mingi bila msaada wa kutosha, kisha wakaona magari na fedha vikija kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Lakini uchungu wao uliwaangukia waliokuwa karibu. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, raia wa Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Siku chache baadaye wahudumu wa afya waliandamana mjini humo wakidai usalama, wakatishia kugoma. Na kabla Ebola haijatangazwa kwisha, Machi 2020, Korona ikafika Kinshasa.

Kilichowapunguzia mzigo, kwa maoni yetu, kilikuwa kidogo tu. Huko Beni walioponea walibeba na kulisha watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa, kazi ambayo isingewezekana bila wao. Tena vilijengwa vyumba vya plastiki angavu, ambamo mwuguzi aliweza kumgusa mgonjwa kwa mikono iliyoshonwa ukutani, bila kuvaa mavazi mazito yenye joto. Jamaa walisimama nje, wakaona kwa macho yao ndugu yao akinyweshwa maji, na nani anayemnywesha.