Makunduchi: mji uliojengwa juu ya ardhi isiyotakiwa

Sensa ya mwaka 2022 iliikuta Wilaya ya Kusini, Unguja, ina watu 63,156. Miaka kumi nyuma walikuwa 39,242. Ni ongezeko la asilimia 61 hivi. Katika muda huohuo Zanzibar nzima ilitoka watu 1,303,569 ikafika 1,889,773, ongezeko la asilimia 45. Kwa wilaya iliyozoea kutoa vijana wake kwenda kutafuta riziki kwengine, hesabu hiyo ni ya kushangaza, na jawabu lake halimo kwenye vitabu vya takwimu. Limo kwenye mawe ya Makunduchi.

Gari ya Makunduchi, daladala nambari 310, ikitoka Mjini hupita Tunguu kwenye miembe na minazi, ikaingia kivuli cha msitu wa Jozani. Ikifika Kitogani njia hugawika: mkono wa kushoto kwenda Paje, wa kulia kwenda Muyuni hadi Makunduchi. Hapo nchi nayo inabadilika. Udongo unakatika, yanaanza mawe makali ya matumbawe, vichaka vifupi, na hapa na pale kijishamba kilichozungushiwa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila chokaa, kuzuia nguruwe mwitu wasile muhogo.

Mawe hayo zamani yalikuwa miamba iliyojijenga chini ya maji. Bahari iliposhuka ikayaacha nchi kavu. Magharibi na kaskazini-magharibi ya Unguja kuna udongo wa kina unaootesha karafuu, minazi na mpunga. Mashariki na kusini kuna jiwe, na udongo umejificha kwenye mashimo na mifuko. Mvua huko ni chache zaidi, na mto hakuna. Maji hutafutwa visimani na mapangoni. Basi mtu wa kusini hakuweza kukaa popote alipopenda. Alikaa palipo na kisima, na mfuko wa udongo wa kupandia minazi, na mlango kwenye mwamba wa kutolea ngalawa. Ukitazama ramani ya vijiji vya pwani hiyo, Makunduchi, Jambiani, Paje na Bwejuu, utaona vimefuata masharti hayo matatu.

Watu wa kale, mji wa kale

Ukaaji wa binadamu upande huu ni wa zamani mno. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, Profesa Felix Chami na watafiti waliomfuata wamechimbua zana za mawe na mifupa ya wanyama kama punda milia, waliowindwa Unguja ilipokuwa bado imeshikana na bara, kabla bahari haijapanda na kuifanya kisiwa. Kizimkazi Dimbani, upande wa magharibi wa ncha hiyohiyo ya kusini, msikiti una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Kwa hiyo kabla ya Mji Mkongwe kuwa na nyumba moja ya mawe, kusini kulikuwa na watu waliosali, waliovua na waliofanya biashara na ng'ambo.

Wenyeji hawa waliitwa Wahadimu, na wengi wao hujitambulisha kuwa Washirazi. Juu yao alikuwapo mtawala wao, Mwinyi Mkuu, na jumba lake la mwisho lilikuwa Dunga, katikati ya kisiwa. Kila mji ulikuwa na wazee wake, Watu Wanne, walioamua mambo ya ardhi na ugomvi, na mvyale aliyeshughulikia mizimu. Ardhi nayo ilikuwa na mpango wake. Kiambo, penye nyumba na miti, kilikuwa cha ukoo. Uwanda, yaani ile nchi ya mawe na vichaka, ulikuwa wa mji mzima: aliyekata kichaka na kuchoma alilima mtama, mawele, kunde au mbaazi kwa misimu michache, kisha akauacha ujirudie, na mwengine akaja baadaye. Mti ulikuwa na mwenyewe hata kama ardhi haikuwa yake, na wanawake walikuwa na minazi yao wenyewe.

Karafuu zilivyoigawa Unguja

Karne ya 19 ndiyo iliyokigawa kisiwa. Seyyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja kutoka Maskati na kuhimiza upandaji wa karafuu, ardhi yenye udongo mzuri ilijaa mashamba ya mabwana na nguvu kazi ya watumwa. Wenyeji waliokuwa huko walisogezwa pole pole, au walimezwa na mashamba. Kwa Wahadimu waliobaki kulikuwa na kodi, na zamu ya kazi mashambani, ambayo Mwinyi Mkuu aliikusanya kwa niaba ya Sultani. Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed alipofariki mwaka 1865, utawala huo ulikuwa umebaki jina.

Lakini jiwe la Makunduchi lilikuwa ngao. Mkarafuu hauoti juu yake, kwa hiyo hakuna bwana shamba aliyeutamani uwanda. Wakati sehemu nyengine za kisiwa zilibadilika lugha, watu na wenyewe wa ardhi, kusini walibaki na nchi yao, tena maskini. Ndiyo maana Kikae, lahaja ya Makunduchi, bado kiko hai na hakieleweki kwa urahisi hata na mtu wa Mjini. Haji Chum, mwenyeji wa huko, alikusanya msamiati wake ukachapishwa mwaka 1994, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar nalo limetoa kamusi ya lahaja hiyo.

Umaskini wa ardhi uliwafanya watu wawe na kazi nyingi kwa mwaka mmoja. Wanaume walivua kwa dema na nyavu, wakachoma chokaa kwenye matanuu, wakakata kuni za kuuza Mjini. Bamvua likitoa maji, wanawake walishuka pwani kuchokoa pweza. Makumbi walifukia kwenye mchanga wa pwani hadi yaoze, wakayapiga na kusokota kamba. Msimu wa karafuu ukifika, familia zilifunga safari kwenda kuchuma kwenye mashamba ya watu. Sensa ya mwaka 1910 iliikuta Unguja na watu 114,069, na ya mwaka 1958 watu 165,253. Wengi walikuwa magharibi, na kazi za kusini zilitegemea soko la huko.

Siasa nazo zilipita hapa. Sheikh Ameri Tajo, mtu wa Makunduchi, alikuwa miongoni mwa viongozi wa Washirazi wa Unguja walioungana na jumuiya ya Waafrika ya Abeid Amani Karume mwaka 1957 kuunda chama cha Afro-Shirazi (ASP). Mwaka 1959 alitoka, akaanzisha chama kingine, ZPPP, pamoja na Muhammad Shamte. Mgawanyiko huo ulitikisa siasa za Zanzibar hadi Mapinduzi ya Januari 1964.

Makunduchi Mpya

Baada ya Mapinduzi ardhi yote ikawa mali ya Serikali, na eka tatu tatu zikagawiwa wananchi. Eka hizo zilitoka kwenye mashamba ya karafuu na minazi. Uwanda wa kusini haukuwa na bwana wa kunyang'anywa. Kusini iliyapokea Mapinduzi kwa sura nyengine: nyumba za maendeleo. Kilomita chache kutoka pwani, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yalijengwa majengo ya ghorofa katikati ya vichaka, mfano mdogo wa yale ya Michenzani, Mjini. Kukazuka Makunduchi mbili: ya zamani, ya wavuvi na makuti, na mpya, yenye barabara, posta, polisi na ofisi. Mji ukawa makao ya wilaya, tena una hospitali.

Kazi lakini ilibaki Mjini. Kwa sensa ya 2022 Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 893,169 kati ya 1,346,332 wa Unguja nzima, yaani wawili katika kila watatu. Mwenyeji maarufu kuliko wote wa Makunduchi, Samia Suluhu Hassan, aliyezaliwa hapo tarehe 27 Januari 1960 na kuwa mbunge wa jimbo hilo kuanzia mwaka 2010 hadi 2015, naye alijenga maisha yake ya kazi nje ya kijiji kabla ya kuwa Rais wa Tanzania Machi 2021.

Hata hivyo aliyeondoka hakuhesabiwa kuwa ametoka. Kila Julai sherehe ya Mwaka Kogwa huwarudisha. Kibanda cha makuti hujengwa, mzee huingia, kikawashwa moto naye akatokea upande wa pili. Wanaume wa kusini na wa kaskazini ya mji hupigana kwa vigogo vya migomba ili kinyongo cha mwaka kiishie hapo, wanawake huimba, watu hukoga baharini, na nyumba isiyopata mgeni huonekana ina kisirani. Mwaka wenyewe ni wa Nairuzi, siku 365 bila siku ya ziada, uliogawiwa miongo ya siku kumi kumi ambayo wakulima na mabaharia waliitumia kujua mvua na pepo. Sensa, kwa upande wake, humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku yenyewe, na ya 2022 ilifanyika tarehe 23 Agosti, wageni wa Mwaka wameshatawanyika. Watu wa Makunduchi ni wengi kuliko watu wanaokaa Makunduchi.

Jiwe lililopanda bei

Nini basi kilichoongeza hesabu ya watu wa wilaya? Sababu ya kwanza ilikuwa mwani. Mwaka 1989 kilimo chake kilianza pwani ya mashariki, kwa mbegu kutoka Ufilipino, na wanawake wakapata fedha mkononi bila kusafiri. Ya pili ni utalii, uliokuja kwa kasi zaidi. Paje na Jambiani zimejaa hoteli, na ujenzi unateremka kuelekea kusini. Wafanyakazi hutoka Mjini, Pemba na bara. Wengi wao hupanga, hufungua maduka, huoa na hubaki.

Uwanda ambao haukutakiwa kwa karne mbili sasa unapimwa kwa mita. Kwa sheria ya ardhi ya 1992, ardhi yote ni ya umma, na haki ya kuitumia hutolewa na Serikali. Desturi ya mji kulima uwanda kwa zamu haina hati, na asiye na hati hana cha kuonyesha mbele ya mwekezaji. Anayemiliki minazi anaweza kulipwa fidia ya minazi. Kichaka alichokata babu yake hakina bei.

Sensa ijayo, ya mwaka 2032, huenda ikaonyesha Kusini yenye watu wengi zaidi. Jambo la kuuliza siku hiyo ni wangapi kati yao watakuwa bado na mahali pa kulima, na wangapi watakuwa wapangaji kwenye mji wa wazee wao. Karafuu hazikuweza kuwatoa watu wa Makunduchi kwa sababu jiwe liliwakinga. Mara hii linalotakiwa ni jiwe lenyewe, na kinga iliyobaki ni sheria.