Mkataba wa Afrika Mashariki unaporekebishwa, ridhaa ni ya nani?

Neno ‘mkataba’ lina ukoo mpana. Ndugu zake ni kitabu, katibu na maktaba, wote wakitokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuandika. Nalo neno ‘kuridhia’ limezaliwa nyumba moja na radhi na ridhaa. Kwa hivyo tunaposema kwamba nchi imeridhia mkataba, lugha yenyewe inatuambia mambo mawili: kwamba kuna maandishi, na kwamba kuna mtu aliyeyakubali kwa hiari yake. Maandishi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) tunayo tangu mwaka wa 1999. Jambo la pili ndilo ninalotaka tulijadili leo. Ridhaa ni ya nani?

Msomaji, hebu tuliulize swali hili tukiwa Sori, ufuoni mwa Ziwa Victoria katika eneo la Karungu, Kaunti ya Migori, jirani na Homa Bay. Ukielekea kusini utafika Muhuru na mpaka wa Tanzania. Ukielekea magharibi majini utakutana na kisiwa cha Migingo na maji ya Uganda. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa hili lote. Mvuvi wa omena anayeondoka jioni na taa zake hahitaji kusafiri sana ndipo akutane na askari wa nchi nyingine. Nairobi na Arusha, marekebisho ya mkataba ni mada ya semina. Huku Sori, ni habari ya nyavu, injini na faini.

Ufuo huu umezoea kuandikiwa mikataba. Julai 1, 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini makubaliano yaliyokata ziwa kwenye mstari wa nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Sori ikaangukia upande wa Waingereza, kaskazini kidogo tu ya mstari huo. Mwaka wa 1902, Uingereza ikaondoa mkoa wa mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Watu hawakuhama hata hatua moja, lakini serikali yao ilihama. Na katika shughuli zote hizo, wenyeji hawakuulizwa neno.

Baada ya uhuru tulijaribu njia yetu. Juni 6, 1967, Jomo Kenyatta, Julius Nyerere na Milton Obote walitia saini jijini Kampala mkataba wa jumuiya ya kwanza. Reli, posta, ndege na meli za ziwani zikawa za pamoja. Hata na mataifa ya nje tulizungumza kwa sauti moja: mwaka wa 1969, nchi hizo tatu zilitia saini kwa pamoja, mjini Arusha, makubaliano ya biashara na Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya. Lakini kufikia 1977 jumuiya ilikuwa imekufa. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya mwaka huohuo, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mali ya pamoja iligawanywa kwa makubaliano ya 1984, baada ya usuluhishi wa Victor Umbricht, mtaalamu kutoka Uswisi.

Waliouandika mkataba mpya walikumbuka msiba huo. Dibaji yake inataja sababu za kifo cha 1977, na miongoni mwazo ni kwamba sekta binafsi na mashirika ya kiraia hayakushirikishwa vya kutosha. Ndiyo maana mkataba uliotiwa saini na Daniel arap Moi, Benjamin Mkapa na Yoweri Museveni mjini Arusha Novemba 30, 1999, na kuanza kutumika Julai 7, 2000, unasema katika Ibara ya 7 kwamba ushirikiano utamweka mwananchi katikati. Ibara ya 8 ikaipa sheria ya Jumuiya nguvu juu ya sheria ya nchi katika mambo yanayohusu utekelezaji wa mkataba. Na Ibara ya 30 ikafungua mlango ambao wengi hawakuutarajia: mtu yeyote anayeishi katika nchi mwanachama anaweza kuishtaki serikali mbele ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Si wakili peke yake wala si waziri. Hata mchuuzi wa samaki anaweza.

Mlango huo ulijaribiwa mwaka wa 2006. Kenya ilikuwa imepeleka majina ya watu 9 wa kuiwakilisha katika Bunge la Afrika Mashariki. Ibara ya 50 inasema watu hao wachaguliwe na Bunge la Taifa. Kumbe kanuni za Kenya ziliruhusu majina yaliyopitishwa na kamati ya shughuli za bunge yahesabike kuwa yamechaguliwa. Profesa Peter Anyang’ Nyong’o, ambaye baadaye alichaguliwa kuwa gavana wa Kisumu, pamoja na wenzake, wakaenda mahakamani. Novemba 27, 2006, majaji wakazuia 9 hao wasitambuliwe hadi kesi isikizwe.

Kilichofuata ndicho kiini cha makala haya. Siku tatu baadaye wakuu wa nchi walikutana na kuamua kwamba mkataba urekebishwe. Desemba 14, 2006, marekebisho yakawa yamepitishwa. Hizo ni wiki mbili tu! Kufikia Machi 2007, nchi zote tatu zilikuwa zimeyaridhia. Mwezi huohuo mahakama iliamua kwamba kanuni za Kenya zilikiuka Ibara ya 50. Kenya ilishindwa kesi, lakini mahakama iliyoishinda ilikuwa tayari imebadilishwa.

Ilibadilishwa vipi? Kwanza, iligawanywa mara mbili, kitengo cha kusikiliza kesi na kitengo cha rufaa. Hilo ni jambo zuri, hakuna anayelilalamikia. Pili, iliongezwa njia ya kumsimamisha au kumwondoa jaji kwa sababu ya mambo yanayomkabili katika nchi yake. Tatu, na hapa ndipo pagumu, mlalamishi aliwekewa muda. Lazima afike mahakamani katika kipindi cha miezi miwili tangu uamuzi au kitendo kilipotokea, au tangu alipokijua. Mkataba wa 1999 haukuwa na kikomo hicho.

Vyama vya mawakili vya eneo hili, kikiwemo cha Afrika Mashariki na cha Kenya, viliyapinga marekebisho hayo. Mwaka wa 2008 mahakama ilitoa uamuzi unaopaswa kufundishwa shuleni. Majaji walisema kwamba kurekebisha mkataba bila kuwashirikisha wananchi ni kuukiuka mkataba wenyewe. Hata hivyo hawakuyafuta marekebisho. Walitaka kosa hilo lisirudiwe siku za usoni. Kwa maneno mengine, ridhaa ya wananchi ilikosekana, lakini maandishi yakabaki.

Na maandishi hayo yana meno. Shirika moja la Kenya linalowatetea wahanga wa mateso lilipeleka mahakamani yaliyotendeka Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008. Likashinda hatua ya kwanza, ambapo majaji walikubali kwamba dhuluma inayoendelea haiwezi kufungiwa katika miezi miwili. Mwaka wa 2012 kitengo cha rufaa kikakataa hoja hiyo: miezi miwili ni miezi miwili. Kesi ikaishia hapo, pasipo majaji kutamka kama serikali iliwajibika au la.

Sasa turudi kwa mvuvi wetu. Tuseme mashua yake imekamatwa, injini imechukuliwa, na ameambiwa kwamba amevuka mpaka. Haki ya kulalamika Arusha anayo. Lakini katika siku 60 hivi anatakiwa awe amejua kwamba mahakama hiyo ipo, ameelewa Ibara ya 30, amepata wakili, na karatasi zake zimefika. Karatasi hizo ziwe za Kiingereza, kwa sababu Ibara ya 137 ya mkataba ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Kiswahili kiliambiwa kikuzwe kama lugha ya mawasiliano mapana. Yaani sokoni kinaruhusiwa, mahakamani kisubiri.

Hapa ndipo ninapouona upungufu mkubwa wa historia hii. Mwaka wa 2016 Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio la kutaka mkataba urekebishwe ili Kiswahili kiwe lugha rasmi. Wakuu wa nchi waliagiza Kiswahili na Kifaransa viingizwe kuwa lugha rasmi katika mkutano wao wa Februari 27, 2021. Kutoka azimio hadi agizo ni zaidi ya miaka 4. Tena agizo si marekebisho, kwa kuwa Ibara ya 150 inataka kila nchi mwanachama iridhie. Mwaka wa 2006 zilikuwa nchi 3. Rwanda na Burundi ziliingia 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, na Somalia 2024. Leo ni 8. Ikiwa nchi moja itasinzia, zote husubiri.

Wapo watakaosema kwamba nchi 8 haziwezi kwenda kwa kasi ya nchi 3. Ni kweli, lakini idadi peke yake haielezi yote. Azimio la 2016 lilikuta Jumuiya yenye nchi 6, nalo likasubiri muda ambao ungetosha kuyapitisha marekebisho ya 2006 mara nyingi. Kilichotofautiana ni nani aliyeumia. Wakubwa walipoguswa, kalamu ilikimbia. Mwananchi anapokosa lugha ya kulalamikia, kalamu huenda kwa mwendo wa kinyonga.

Mambo hayo hayaishii ndani ya Jumuiya. Yanafika mpaka Ulaya, na kutoka Ulaya yanarudi ufuoni. Mwaka wa 1999, Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu, Kenya, Uganda na Tanzania zote zilifungiwa. Mnunuzi hakujali kama samaki aliitwa mbuta kama wanavyomwita Sori au sangara kama wanavyomwita Mwanza. Kwake ziwa lilikuwa moja.

Lakini tulipoketi mezani kujadili biashara na Ulaya, umoja huo haukudumu. Kenya ndiyo pekee katika Jumuiya ambayo haikuwa katika orodha ya nchi maskini kabisa, zile zinazouza Ulaya bila ushuru hata pasipo mkataba. Kwa hivyo mazungumzo yalipochelewa, ushuru uliwekewa Kenya peke yake kuanzia Oktoba 1, 2014, maua yakiumia kwanza, hadi mwisho wa mwaka. Kenya na Rwanda zilitia saini Septemba 1, 2016. Tanzania ilikataa, kwa hofu kwamba bidhaa za Ulaya zingeviua viwanda vyake vichanga. Hofu hiyo haikuwa ya bure.

Njia ya kutokea ilikuwa ndani ya mkataba. Kuna kanuni inayoruhusu wanachama waendelee kwa mwendo tofauti, nayo mahakama ilishaeleza mwaka wa 2009 kwamba kanuni hiyo haipingani na maamuzi ya pamoja. Katika mkutano uleule wa Februari 2021, wakuu wa nchi waliitumia kuruhusu aliye tayari asonge mbele. Kenya ikatia saini na Umoja wa Ulaya Desemba 18, 2023, na makubaliano yakaanza kazi Julai 1, 2024. Linganisha na 1969, tulipotia saini watatu pamoja. Jumuiya ya leo ina ushuru mmoja wa forodha kwa bidhaa za nje tangu 2005, lakini mbele ya mnunuzi wake mkubwa imesimama kila mtu na lake.

Silaumu Kenya kwa kutafuta soko. Ninachosema ni kwamba makubaliano kama hayo huamua masharti ya mbuta anayesafirishwa kutoka viwanda vya ziwani, na hatimaye bei anayolipwa mvuvi. Je, kuna aliyeyasoma Sori? Yangesomwa vipi, kwa lugha gani, na katika mkutano upi?

Marekebisho yajayo ya mkataba wetu yangeanza na mambo matatu. Kikomo cha miezi miwili kiongezwe, au angalau majaji wapewe uwezo wa kukiongeza mlalamishi anapokuwa na sababu nzuri. Kiswahili kiingizwe katika Ibara ya 137 na katika kanuni za mahakama, ili mtu aandike malalamishi yake kwa lugha anayoijua. Na kabla ya nchi kuridhia chochote, rasimu ipelekwe kwa watu kwa Kiswahili na kwa lugha zao. Kamati za usimamizi wa ufuo, zile tunazoziita BMU, zipo tayari. Hazihitaji kuundwa upya. Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya ipo Zanzibar. Wafasiri tunawafunza kila mwaka katika vyuo vyetu.

Majaji wa 2008 walishatamka kwamba kuurekebisha mkataba bila wananchi ni kuukiuka. Uamuzi huo haujazeeka. Serikali ikija kutuambia kwamba ‘imeridhia’, tuna haki ya kuiuliza kwa Kiswahili chepesi: ni lini mlituuliza?