Saa ya Msimamizi: Kutoka kwa Taylor hadi Maghala ya Leo

Makala haya yanauliza swali moja: ujuzi wa kazi ni mali ya nani? Frederick Winslow Taylor (1856-1915), mhandisi wa Kimarekani, alilijibu bila kusita. Katika kitabu chake cha 1911 juu ya kanuni za usimamizi wa kisayansi, alitaka maarifa yaliyokuwa mikononi mwa mafundi yakusanywe na uongozi, yapimwe kwa saa, kisha yarudishwe kwa mfanyakazi yakiwa maagizo.

Mfano wake mashuhuri ni wa kiwanda cha chuma cha Bethlehem, mwaka 1899. Taylor alisimulia kwamba mchukuzi mmoja, aliyempa jina la Schmidt, aliamriwa lini ainue mzigo na lini apumzike, akapakia tani 47 kwa siku badala ya 12 na nusu. Ujira wake ulipanda kutoka dola 1.15 hadi 1.85. Msomaji na alinganishe: kazi iliongezeka karibu mara nne, ujira kwa asilimia 61 tu. Isitoshe, mwaka 1974 watafiti walionyesha kuwa masimulizi hayo yalikuwa yametiwa chumvi.

Mafundi hawakunyamaza. Agosti 1911, katika kiwanda cha silaha cha serikali huko Watertown, Massachusetts, mafundi wa kusubu chuma waligoma baada ya mwenzao kufukuzwa kwa kukataa kupimwa. Bunge lilichunguza, na mwaka 1915 likakataza fedha za jeshi kulipia vipimo hivyo.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, kampuni ya Toyota huko Japani ilihifadhi vipimo, lakini ilimruhusu mfanyakazi kusimamisha kazi aonapo kasoro na kupendekeza marekebisho. Ujuzi wake ulitambuliwa, ingawa kasi haikulegea.

Katika maghala makubwa ya leo, saa imeingia ndani ya mashine. Kifaa kinachosoma alama za bidhaa ndicho kinachomhesabia mfanyakazi dakika zake. Fundi wa Watertown alimwona mpimaji wake. Huyu aweza asijue hata kiwango anachodaiwa. Ndiyo maana sheria ya California, iliyoanza kutumika 2022, huwalazimu waajiri wa maghala makubwa kutoa viwango kwa maandishi, na hukataza vile vinavyomnyima mtu mapumziko au nafasi ya kwenda msalani.

Kwa maoni yetu, kupima si dhuluma. Linalopasa kudaiwa ni kwamba anayepimwa akijue kipimo, ashiriki kukiweka, na apate fungu lake katika faida inayotokana nacho.