Kutoka Mazoezi ya Mgonjwa hadi Data ya Kuazima: Historia ya Uhawilishaji wa Maarifa katika Mawasiliano ya Ubongo na Kompyuta

Mzungumzaji wa Kiikizu kutoka Nyamuswa, wilayani Bunda, akihamia Butiama haanzi kujifunza Kizanaki kama mtoto mchanga. Lugha hizo ni za jamaa moja. Maneno mengi anayo tayari, linalobaki ni kuzoea tofauti. Wazo kama hilo, liitwalo uhawilishaji wa maarifa, limebadili historia ya mitambo inayosoma mawimbi ya ubongo.

Mawimbi hayo yalirekodiwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza na Hans Berger mjini Jena, Ujerumani, mwaka 1924, naye akayatangaza mwaka 1929. Mwaka 1973 Jacques Vidal wa Los Angeles alipendekeza yatumike kuiamuru kompyuta. Mzigo wa kujifunza, hata hivyo, ulimwelemea mtumiaji. Mwaka 1999 Niels Birbaumer na wenzake wa Tübingen walieleza jinsi wagonjwa wawili waliopooza karibu mwili mzima walivyoweza kuandika kwa mawimbi ya ubongo, lakini baada ya mazoezi ya miezi mingi. Kwa mtu asiyeweza hata kuinua kidole, hiyo ilikuwa gharama kubwa mno.

Watafiti wa Berlin waliuhamisha mzigo huo: mashine ndiyo ijifunze. Mtumiaji aliwaza tu kwamba anasogeza mkono wa kulia au wa kushoto, tena na tena, huku kompyuta ikikusanya mifano. Kesho yake alilazimika kuanza upya, kwa kuwa elektrodi hazikai palepale na ubongo nao hautulii. Mwaka 2008 Matthias Krauledat na wenzake walitumia rekodi za siku zilizotangulia za mtu yuleyule kupunguza maandalizi hayo. Wengine wakaazima rekodi za watu tofauti. Mwaka 2020 He He na Dongrui Wu wa Wuhan walieleza njia nyepesi ya kusawazisha data ya kila mtu kabla ya kuichanganya na ya wenzake.

Lakini anayeazima hutegemea kilichomo ghalani. Elektrodi za kawaida hazigusi vizuri ngozi ya kichwa chenye nywele za kipilipili, na wenye nywele hizo mara nyingi wameachwa nje ya tafiti. Arnelle Etienne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, walieleza mwaka 2020 vishikizo vinavyobana elektrodi katikati ya nywele zilizosukwa mistari. Pasipo rekodi za vichwa vya namna hiyo, mgonjwa wa Nyamuswa aliyepooza kwa kiharusi angepewa mashine iliyofunzwa kwa wengine, na mazoezi aliyopunguziwa mwenzake wa Berlin huenda yangebaki juu yake.