Udongo wa mbuga, jiwe la Pongwe na safari ya Milne

Miaka 90 iliyopita, kuanzia Desemba 1935 hadi Februari 1936, Geoffrey Milne wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kwenye milima ya Usambara, alizunguka Tanganyika akikagua udongo. Kumbukumbu hiyo isipite kimya Tanga, mkoa wenye dawa ya udongo aliouchunguza.

Milne alikuwa ameshachapisha hoja iliyompa jina duniani: udongo wa mwinuko mmoja hufuatana kama mnyororo. Juu kuna mwekundu unaopitisha maji. Bondeni kuna mweusi wa mbuga. Weusi huo si wa bahati. Maji yanayoteremka hubeba kalsiamu na silika, na pale yanapotuama huzaliwa mfinyanzi unaovimba masika, kisha ukapasuka kiangazi. Milne alifariki mwaka 1942, na taarifa ya safari yake ikachapishwa 1947. Wakulima walinufaika na kazi yake. Wajenzi wa barabara nao wana deni kwake, maana aliwaonyesha ubaya uko wapi kabla hawajachimba.

Dawa yenyewe ni chokaa, ambayo pwani inaijua tangu enzi za misikiti na makaburi ya kale ya Tongoni, kusini mwa jiji la Tanga. Ikichanganywa na mfinyanzi, kalsiamu yake huchukua nafasi ya sodiamu, na udongo hupunguza kiu ya maji. Baadaye, kwa wiki na miezi, chokaa hushikamana na silika na alumina, udongo ukakaza. Mara nyingi asilimia 3 hadi 8 ya uzito wa udongo mkavu hutosha, mradi maabara ipime kwanza.

Pongwe, karibu na jiji la Tanga, ina jiwe la chokaa, na kiwanda chake cha saruji kilianza uzalishaji mwaka 1980. Saruji hufaa zaidi changarawe na mchanga. Mfinyanzi mzito hutaka chokaa kwanza.

Mwaka 1999 Wizara ya Ujenzi ilitoa mwongozo wa usanifu wa barabara unaogusa pia uimarishaji wa udongo. TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, ilianza kazi mwaka 2000; TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilianza 2017.

Lakini huko vijijini changarawe bado humwagwa juu ya mbuga tupu, na masika huimeza. Fedha ya changarawe hupotea tena msimu unaofuata. Kila mkataba wa barabara inayokatiza mbuga uanze na kipimo cha uvimbaji, na chokaa iandikwe kwenye makadirio ya gharama tangu siku ya kwanza.