Namba ya Mersenne ya 67: Kukanusha na Kuonyesha, 1644–1903

Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne aliorodhesha 2 kwa kipeo cha 67, toa 1, yaani 147,573,952,589,676,412,927, miongoni mwa namba tasa. Dai hilo lilidumu zaidi ya karne mbili. Mwaka 1876 Édouard Lucas alibainisha kwamba namba hiyo si tasa, ingawa njia yake haikutoa kigawo hata kimoja. Mwaka 1903 Frank Nelson Cole alivitaja vigawo vyenyewe: 193,707,721 na 761,838,257,287. Hoja ya sura hii ni kwamba Lucas alikwisha kulikanusha dai la Mersenne. Alichoongeza Cole ni uthibitisho unaoweza kukaguliwa na yeyote ajuaye kuzidisha. Historia ya hisabati haina budi kuzitenganisha hatua hizo mbili.